Mlio wa misumari mlimani Kitonga: je, injini imenoki kweli?

"Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Kibamba, Dar es Salaam. Nina Toyota IST ya mwaka 2004, injini 1NZ, gia otomatiki, imetembea kilomita 187,000. Mwezi uliopita tulikwenda Iringa msibani, watu watano na mizigo. Mafuta tulijaza njiani. Tulipopita Ruaha Mbuyuni na kuanza kupanda Kitonga nikasikia mlio kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Nikikanyaga mafuta unazidi, nikiachia unakoma. Gari likisimama sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, sisikii kitu. Taa ya injini haikuwaka. Tulirudi salama, lakini sasa nausikia hata nikipandisha Ubungo kwenda Kimara nikiwa nimewasha AC. Asubuhi kuna mlio mwingine, tik tik tik, unaoisha baada ya dakika mbili tatu. Fundi wa kwanza amesikiliza muda mfupi tu akasema injini imenoki, niandae milioni mbili na laki tatu za injini ya mtumba. Wa pili anasema niweke oili nzito, 20W-50, mlio utapotea. Wa tatu anasema ni vali. Oili nilimwaga miezi mitatu iliyopita. Labda niongeze kwamba mwaka jana gari lilikuwa linachemsha, fundi akatoa themostati, na tangu hapo naongeza maji ya kawaida tu. Nani mkweli kati yao, na je, niendelee kuliendesha?"

Marahaba, mwalimu, na poleni sana na msiba.

Nianze na la kukutuliza: kwa jinsi ulivyoeleza, mlio wako wa mlimani haufanani na wa injini iliyonoki. Hizo milioni mbili na laki tatu zifunge kwanza, usimpe mtu. Ila na mimi nisikudanganye kwamba ni kelele tu zisizo na madhara. Kuna jambo linatokea ndani ya silinda zako ambalo likiachwa miezi kadhaa litakufikisha hukohuko anakokusema fundi wa kwanza. Nafasi unayo, itumie sasa.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Gereji zetu zinatumia "kunoki" kwa magonjwa mawili tofauti kabisa. Ugonjwa wa kwanza ni wa moto: petroli ndani ya silinda inalipuka ovyo badala ya kuungua kwa utaratibu, na mlipuko huo unasikika kama misumari, kokoto au shanga za kioo kwenye bati. Ugonjwa wa pili ni wa chuma: kifaa ndani ya injini kimelika, kimepata nafasi, sasa kinagongana na mwenzake, na mlio wake ni mzito, ko-ko-ko, kama mtu anagonga mlango kwa ngumi. Wa kwanza mara nyingi unaondoka bila kufungua injini. Wa pili hauondoki mpaka injini ishuke chini. Waingereza tuliowaazima neno hilo nao wanaliita yote mawili hivyohivyo, ndiyo maana hata ukisoma mtandaoni unachanganyikiwa zaidi.

Kinachonisaidia kuutambua mlio wako si sauti yake, maana sauti kila mtu anaisimulia kivyake. Ni wakati unapotokea. Umeandika mambo manne ambayo fundi aliyesikiliza gari likiwa limesimama asingeweza kuyajua: unatokea mlimani, unazidi ukikanyaga, unakoma ukiachia, na sailensa haupo. Hiyo ndiyo tabia ya ugonjwa wa moto. Beringi iliyolika haina adabu ya namna hiyo. Itagonga mlimani, na ukiwa umesimama nyumbani ukapandisha mzunguko wa injini hadi kama 2,500 kwa dakika kisha ukaachia taratibu, utaisikia ikigonga vilevile.

Sasa nikueleze kinachotokea ndani. Plagi inarusha cheche pistoni ikiwa bado inapanda, kabla haijafika juu, kwa sababu moto unahitaji muda kidogo wa kuenea. Ufananishe na moto wa nyasi shambani: unauwasha upande mmoja, unatembea hadi upande wa pili. Injini ikienda mizunguko 3,000 kwa dakika, kila silinda inafanya hivyo mara 25 kwa sekunde. Mambo yakiwa sawa, moto unatembea kutoka kwenye plagi hadi kwenye kingo, na msukumo unaishukia pistoni vizuri. Lakini kumbuka ukijaza upepo kwenye baiskeli, pampu inapata moto mkononi kwa sababu hewa inabanwa. Injini ya 1NZ inabana hewa na mafuta mpaka nafasi yake inabaki kama sehemu moja ya kumi na nusu ya ilivyokuwa. Ule mchanganyiko ulioko kwenye kona ya mbali, ambao moto haujaufikia, unabanwa na pistoni na unabanwa tena na moto unaokuja. Ukizidiwa na joto unawaka wenyewe, wote kwa mkupuo. Mawimbi ya mlipuko huo yanapiga kuta za silinda, chuma kinalia. Hiyo ndiyo misumari yako.

Kwa hiyo chochote kinachoongeza joto au mbano, au kinachopunguza uvumilivu wa petroli, kinaleta mlio. Kitonga ilikuletea vyote kwa pamoja. Bonde la Ruaha lina joto, gari lina watu watano na mizigo, mlima ni mkali, mwendo ni mdogo kwa hiyo upepo wa kupoza rejeta nao ni mdogo, na gia otomatiki inang'ang'ania gia kubwa huku wewe umekanyaga. Kuna jambo wengi hawalijui: kadiri unavyopanda juu zaidi ya usawa wa bahari hewa inakuwa nyepesi, silinda inavuta hewa kidogo, na mlio huu unapungua. Gari linaweza kuwa kimya Mbeya likafika Dar likaanza kulia, mwenye nalo akadhani limeharibika barabarani.

Uvumilivu wa petroli ndio unaoitwa oktani. Namba ikiwa kubwa, petroli inastahimili mbano bila kuwaka yenyewe. Haimaanishi kwamba ina nguvu zaidi au ni safi zaidi, kama wengi wanavyoamini. Tatizo hili ni la zamani kiasi kwamba mwaka 1921 maabara ya General Motors ya Marekani iligundua kuwa madini ya risasi yakichanganywa kwenye petroli inanyamazisha mlio, na dunia ikaitumia sumu hiyo kwa miongo mingi. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Leo kinachotusumbua ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yana oktani ya chini sana, na ukiyachanganya na petroli unapata kitu kinachowaka kabla ya zamu yake. Ndiyo sababu Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili faida ya kuchanganya iondoke, EWURA, wadhibiti wa nishati, nao waliweka vinasaba, yaani alama za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, na Kenya nao mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo.

Je, ni mafuta ya safari ile? Inawezekana yalichangia, lakini siwezi kumtuhumu aliyekuuzia, na sidhani kama ndiyo mzizi. Mwezi mzima umepita, tangi umeshalijaza Dar mara kadhaa, na mlio bado upo. Kama yangekuwa mafuta peke yake ungekuwa umekoma.

Mimi jicho langu limeganda kwenye sentensi uliyoiongeza mwishoni kana kwamba haina uzito: fundi alitoa themostati, na unaongeza maji ya kawaida.

Hili jambo linaniuma, mwalimu, kwa sababu nalikuta kila wiki. Themostati ni kilango kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake. Kwa injini yako kinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukikitoa, maji yanazunguka muda wote. Asubuhi Kibamba hadi shuleni injini haifiki joto linalotakiwa, kompyuta inadhani bado ni baridi, inazidi kumwaga petroli. Petroli hiyo haiungui yote. Inaacha masizi juu ya pistoni, kwenye vali, kwenye plagi. Masizi yakiwa tabaka, yanakula nafasi ya kubania, kwa hiyo mbano unaongezeka. Tena yanashika joto kama mkaa, na ncha zake zikiwa nyekundu zinawasha mchanganyiko hata bila cheche. Huo ni mwaka mzima wa kujikusanyia maradhi ukiwa unaendesha mjini kwa raha.

Upande wa pili ni maji. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi. Yanaacha magaga ndani ya rejeta kama yale unayoyaona chini ya birika, na kutu inakula kuta za ndani za injini. Vijia vya rejeta vikiziba, mjini hutambui, maana kazi ni nyepesi na themostati haipo. Ukifika mlimani na mzigo, rejeta inashindwa. Pengine taa ya joto haikuwaka kwa sababu haikufika kiwango cha hatari, lakini silinda zilikuwa za moto kuliko kawaida, zina masizi, na mafuta yenyewe labda hayakuwa mazuri. Kilichokuwa kinalifanya gari lichemshe mwaka jana hakikutibiwa. Kilifichwa tu.

Utaniuliza, mbona taa ya injini haikuwaka? Injini yako ina sensa iliyofungwa kwenye bloku, kazi yake ni kusikiliza huo mlio. Ikiusikia, kompyuta inachelewesha cheche kidogo, mlio unapungua. Hiyo ni kazi yake ya kila siku, kwa hiyo haiwashi taa; taa inawaka sensa yenyewe au waya wake ukifa. Ila uwezo wa kuchelewesha una kikomo. Wewe kuusikia mlio kwa masikio yako ina maana kompyuta imeshafanya iliyoweza ikashindwa. Na nina hakika gari limepungua nguvu na linakula mafuta zaidi kuliko mwaka juzi, kwa sababu cheche inayochelewa inapoteza nguvu.

Turudi kwa mafundi wako watatu. Wa kwanza simwiti mwongo, nasema tu amehukumu kabla ya kupima. Beringi za konrodi ni vipande vyembamba vya chuma laini vinavyokaa kati ya konrodi (mkono unaoshika pistoni) na krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni). Kati yao kuna nafasi ya milimita 0.02 hadi 0.05 hivi, chini ya unene wa unywele wako, na nafasi hiyo inajazwa oili yenye presha. Chuma hakigusi chuma. Oili ikipungua, ikichakaa au presha ikishuka, ule utando unakatika, beringi inalika, nafasi inakua, na kila pistoni inaposhuka konrodi inapiga. Kulijua hili kuna njia tatu, na zote ni rahisi kuliko kununua injini. Fundi apime presha ya oili kwa geji halisi, si kwa kutegemea taa. Azime silinda moja moja injini ikiwa inaunguruma, kwa kuchomoa soketi ya umeme ya nozeli, kile kifaa kinachopuliza petroli. Mlio ukififia silinda fulani ikizimwa, mgonjwa amejulikana. Nasema nozeli na si koili inayoipa plagi umeme, kwa sababu ukichomoa koili petroli mbichi inaendelea kuingia, inakwenda kuunguza kichujio cha moshi kwenye ekzosi, na koili ina umeme mkali wa kumrusha mtu. Njia ya tatu ni kukata filta ya oili.

Hii ya filta naipenda kwa sababu mwenye gari anaona mwenyewe. Niliwahi kuletewa Noah ya abiria, mlio mzito kabisa, na mwenye nayo hakutaka kuamini. Tukafungua filta, tukaikata ukingo kama kopo la maziwa, tukavuta ile karatasi yenye mikunjo na kuibana kwenye jiliwa mpaka oili ikatoka, kisha tukaitandaza juani. Mikunjo yote ilikuwa inameta, vumbi jekundu la shaba na la fedha, ukipitisha kidole linabaki kwenye ncha kama rangi ya kucha. Yule bwana alikaa kimya, akachukua kile kipande cha karatasi akakiweka mfukoni kwenda kumwonyesha mkewe. Filta yako ikikatwa na karatasi ikawa nyeusi tupu bila kumeta, hiyo ni habari njema yenye uzito kuliko sikio la fundi yeyote, mimi nikiwemo.

Fundi wa pili, wa oili nzito, huyo usimsikilize. Ugonjwa wa moto hauna uhusiano na unene wa oili, kwa hiyo kwa mlio wako haitasaidia chochote. Na kama ungekuwa ugonjwa wa chuma, oili nzito ingeujaza ule mwanya na kunyamazisha mlio kwa wiki chache huku beringi inaendelea kulika. Wanaouza magari mabovu wanaujua mchezo huo. Zaidi ya hayo, 1NZ ina mfumo wa kusogeza muda wa vali unaoendeshwa na presha ya oili kupitia vijia vyembamba. Imetengenezwa kwa oili nyepesi, 5W-30, na kwa joto la pwani 10W-30 inafaa. Ukiweka 20W-50, asubuhi oili inachelewa kufika juu, na uchakavu mwingi wa injini unatokea sekunde zilezile za kwanza.

Wa tatu, wa vali, amekosea mlio wa mlimani lakini huenda amegusa ule wa asubuhi. Mlio wa vali ni mwepesi, unasikika sailensa, unafuata nusu ya mwendo wa injini. Ila ule unaoisha baada ya dakika mbili tatu, mshukiwa wangu wa kwanza ni gasketi ya ekzosi pale inapoungana na silinda hedi. Chuma kikiwa baridi kuna upenyo, moshi unachoropoka kwa kishindo kidogo kila silinda ikifyatua; chuma kikipata moto kinatanuka, upenyo unaziba, kimya. Injini ikiwa baridi kabisa, mtu aiwashe, mwenzake azibe kidogo tundu la bomba la nyuma kwa kitambaa kinene, sekunde mbili tatu tu. Tik tik ikizidi kule mbele, ni ekzosi. Tazama pia weusi wa moshi kwenye maungio. Usilipuuze hilo hata kama ni dogo, kwa sababu moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu, na wewe unabeba watoto huku vioo vimefungwa na AC imewashwa. Kama si ekzosi, basi nafasi za vali zipimwe. Injini hii haina tapeti za kukaza kwa bisibisi. Zinabadilishwa vikombe vyenye unene tofauti, kazi ya fundi mwenye vipimo na subira.

Sasa ufanye nini. Leo hii kabla hujawasha, simamisha gari mahali tambarare, vuta kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kivute tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, jaza kwanza, na uandike tarehe uone inapungua kwa kasi gani. Injini ya umri huo ikiwa ringi za pistoni zimechoka inakula oili, na oili ikiingia kwenye silinda inashusha oktani ya petroli iliyomo. Huo nao ni mlango wa mlio.

Tangi likikaribia kuisha, jaza petroli kwenye kituo kinachouza sana, ambako mafuta hayakai, na uchukue risiti. Ongeza dawa ya kusafisha nozeli, chupa moja, kufuata maelezo yake. Usikubali fundi akumwagie maji kwenye mdomo wa hewa eti yanasafisha masizi. Maji hayabaniki, yakizidi kidogo, pistoni inayapiga, konrodi inapinda, na hapo ndipo utanunua injini kwa kweli.

Halafu nenda kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na umwambie asiishie kutafuta makosa yaliyohifadhiwa. Mwombe mwende naye barabarani, wewe uendeshe kilimani, yeye asome joto la maji na kiasi ambacho kompyuta inachelewesha cheche. Aangalie pia kama mchanganyiko una hewa nyingi na mafuta machache. Ukiwa hivyo, mara nyingi ni mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa yenye vumbi, nozeli zilizoziba au pampu ya mafuta iliyochoka, na hali hiyo inaongeza joto kwenye silinda.

Wakati huohuo, mfumo wa maji urudishwe kama alivyoutengeneza Mjapani: rejeta isafishwe, na ikishindikana ibadilishwe, themostati mpya, mfuniko wa rejeta wenye mpira mzima, feni ithibitishwe kwamba inazunguka, kisha kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, badala ya maji ya bomba. Plagi nne zitolewe zote. Kama ni za bei rahisi za mtaani au za aina isiyo ya injini hii, weka za kweli, maana plagi ya joto lisilolingana nayo inaleta mlio, na feki ni nyingi. Ukijumlisha vyote hivi, kwa kawaida havifiki robo ya pesa uliyoambiwa uandae.

Kuhusu kuendesha, hapa Dar endelea kwa upole mpaka hiyo kazi ifanyike. Ukifika mlimani zima AC, shusha gia mapema ili injini izunguke kwa wepesi badala ya kukabwa, na ukiusikia mlio ulegeze mguu. Mlio wa sekunde moja mbili mara chache hauiui injini. Unaoendelea kilima kizima unavunja kingo za ringi kwenye pistoni, unatoboa pistoni, unaunguza gasketi ya silinda hedi. Safari ya mkoani usiende kwanza.

Lakini yakitokea haya, simama na uzime papo hapo: taa nyekundu ya oili ikiwaka, mlio ukianza kusikika sailensa, ukibadilika kuwa mzito, au joto likipanda. Usijipe moyo kwamba nyumbani ni karibu. Nimeona krenkishafti ambayo ingepona kwa kuchongwa tu ikaharibika kabisa, na konrodi ikatoboa bloku, kwa kilomita nne za kujikongoja. Ita gari la kuvuta.

Na kama vipimo vitaonyesha kweli ni beringi, bado una njia mbili. Kufanyia injini yako ovaholi, yaani kuifungua yote na kuitengeneza upya, kunafaa ukipata karakana yenye mashine ya kuchonga krenkishafti na vifaa halisi. Kunachukua muda na kunategemea mikono ya fundi, ila unajua ndani kuna nini. Injini ya mtumba ni ya haraka, lakini unanunua historia usiyoijua. Ukichagua hiyo, dai kupimiwa mbano wa silinda zote nne, fungua mfuniko wa oili uangalie kama kuna tope jeusi, pata dhamana ya maandishi, na ukumbuke namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko yapelekwe TRA. Kwa gari la kilomita 187,000 ambalo bodi yake ni nzima, mimi ningechagua mtumba uliopimwa. Ila mfumo wa maji ungetengenezwa kwanza, kwa sababu injini yoyote utakayoiweka itafungwa kwenye rejeta hiyohiyo.

Niliwahi pia kupokea Raum iliyobadilishwa injini mara mbili kwa ajili ya mlio. Ilipofika kwetu bado ilikuwa inagonga sailensa, na ukiingiza gia sauti inabadilika. Ilikuwa ni sahani inayounganisha injini na gia boksi, imepasuka kuzunguka bolti zake. Kila fundi aliyeshusha injini aliirudisha sahani ileile. Nakueleza hivyo ili usione aibu kumwambia fundi, "Nionyeshe," kabla hujamlipa.

Plagi zikitolewa, mwambie fundi asizitupe kwenye ndoo. Azipange juu ya kitambaa kwa mfuatano, ya kwanza ikiwa upande wa mkanda wa feni, na wewe uzipige picha kwa karibu, mwanga wa mchana. Nikiona masizi makavu meusi nitajua themostati imefanya kazi yake mbaya. Nikiona kaure nyeupe iliyobabuka yenye vidoa vidogo vya fedha, hivyo ni vipande vya pistoni, na hapo nitakuomba usiwashe tena gari mpaka tuchungulie ndani kwa kamera. Nitumie hizo picha pamoja na namba ya plagi iliyoandikwa ubavuni.